Jinsi ya kuanzisha kikundi cha walimu kinachobuni mbinu mpya, na kisife wiki ya tatu

Kila muhula ukianza napata ujumbe wa aina ile ile kutoka kwa walimu wenzangu wa Temeke, Ubungo na Ilala, hapa Dar es Salaam. Walianzisha kikundi cha kusaidiana kubuni mbinu za kufundishia. Wiki ya kwanza walifika kumi na wawili, ya pili watano, ya tatu mwanzilishi akabaki na chupa ya chai. Nimekaa ofisi ya taaluma ya shule ya msingi ya serikali muda wa kutosha kujua kwamba hao si wavivu. Wanaanzia mwisho: kikao kikubwa, katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na hakuna aliyefungua daftari la mtoto hata moja.

Nikisema ubunifu simaanishi mradi wa kompyuta. Namaanisha njia mpya ya kueleza kitu ambacho watoto wanakikosea kila mwaka, wewe unakirudia vile vile kila mwaka, na wao wanakikosea tena. Mwalimu mmoja akiwa peke yake mara chache atabadilisha njia hiyo, kwa sababu akijaribu ikashindikana aibu ni yake mwenyewe. Wakiwa wanne, aibu inagawanywa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Walimu watatu hadi watano, wewe ukiwemo. Wakizidi hapo, wengine watakuja kusinzia.
- Kaunta buku moja, ikae kabatini ofisini. Isikae kwenye mkoba wa mtu.
- Madaftari 30 ya watoto, ya somo moja, yaliyokwisha kusahihishwa.
- Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki ambacho nyote mko huru, kikiwa kimeandikwa kwenye ratiba.
- Kauli ya mwalimu mkuu.
- Manila, maka peni, mkasi, na vya kuokota: vifuniko vya soda, maboksi, vijiti.

Posho haimo kwenye orodha. Sijaisahau, tutaifikia kwenye hatua ya saba.

Hatua ya 1: Pata wawili kwanza

Usitangaze kwenye kikao cha walimu. Kwenye kikao kila mtu atasema ni wazo zuri, mwalimu mkuu atapongeza, na siku yenyewe ofisi itakuwa tupu. Mfuate mtu mmoja mmoja kwenye chai ya saa nne. Usimuulize kama angependa kujiunga na kikundi, muulize hivi: "Madam, kuna mada gani unafundisha kila mwaka na watoto hawaishiki?" Akijibu papo hapo, bila kukuna kichwa, huyo ni wako.

Changanya umri. Mkongwe anajua watoto wanakwama wapi hata bila kuangalia. Kijana aliyetoka chuo juzi, au anayejitolea huku akisubiri ajira, bado hajazoea kusema "hawa watoto hawawezi". Halafu tafuta mlalamikaji mmoja, yule anayesema kila semina ni kupoteza muda. Sitanii. Mara nyingi mlalamikaji ni mtu aliyewahi kujaribu jambo jema na hakuna aliyemuunga mkono.

Tahadhari: msiwe wote wa mchezo mmoja wa pesa. Siku mtu akichelewesha hela ya mwenzake, kikundi kitakufa kwa deni lisilohusiana na ubao.

Utajua imefanikiwa pale wawili watakapokuwa wamekutajia, kila mmoja, mada moja inayomnyima raha. Mada, sio "hesabu" kwa ujumla.

Hatua ya 2: Mwone mwalimu mkuu na ombi dogo

Nenda na ombi moja: kipindi kimoja kwa wiki. Ukienda na orodha ya mahitaji, ataona bajeti. Ruzuku ya shule inajulikana ilivyo, na atakujibu "tutaangalia", neno ambalo walimu wote tunajua tafsiri yake.

Mweleze kwamba jambo hili si geni. Lipo ndani ya MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo inataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Hapo unampa sababu ya kukubali na kitu cha kuweka kwenye faili mthibiti ubora akija. Mwalimu mkuu naye ni mtumishi, anahitaji karatasi ya kumlinda.

Muda ndio unaoua vikundi vingi hapa mjini, kwa hiyo uchague kwa akili. Mwalimu anayetoka Chamazi anaamka saa kumi alfajiri, anagombania gari Mbagala Rangi Tatu, na saa tisa alasiri akili yake iko kituoni. Ukiweka kikao baada ya kazi umempa adhabu. Ijumaa kuanzia saa sita usiguse, wenzetu wanakwenda msikitini. Kwa shule zinazoingia zamu mbili, saa nzuri ni pale zamu ya asubuhi inapotoka na ya mchana inapoingia, maana walimu wote wapo kwenye eneo la shule. Kwa shule za zamu moja, mwombe mwalimu wa ratiba awapange nyote huru kipindi kimoja, ikiwezekana Jumanne au Jumatano. Jumatatu ina mambo yake.

Utajua imefanikiwa ukiona kipindi hicho kimeandikwa kwenye ratiba kubwa ya ukutani. Cha mdomo kitaliwa na kazi ya kwanza itakayotoka halmashauri.

Hatua ya 3: Tatizo litoke kwenye madaftari

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kikundi kinakaa, mtu anauliza tatizo letu ni nini, na majibu yanamiminika: wazazi hawatoi ushirikiano, darasa lina watoto zaidi ya mia, watoto wanakuja na njaa. Yote ni kweli. Lakini hakuna andalio la somo litakaloyamaliza, na mkianzia hapo mtatoka mmechoka kuliko mlivyoingia.

Wekeni madaftari 30 mezani. Kila mtu achukue yake, aandike makosa kama yalivyo, na kila kosa linapojirudia apige kistari. Msihesabu nani amepata ngapi, tafuteni wamekosea *vipi*.

Nikupe mfano wetu. Tulikuwa na madaftari ya darasa la tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Swali lilikuwa 1/2 + 1/3. Jibu lililojirudia kuliko yote lilikuwa 2/5. Mwalimu wa somo alikuwa ameweka alama ya kukosa, akaandika "rudia", mtoto akarudia na kupata 2/5 tena, kwa mwandiko mzuri zaidi. Hawakuwa wanabahatisha. Walikuwa na kanuni yao: jumlisha vya juu, jumlisha vya chini. Mlalamikaji wetu ndiye aliyeshika daftari moja akasema, "Lakini 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Huyu mtoto ameongeza kitu kwenye nusu, ikapungua, na hajashtuka." Ofisi ikanyamaza. Tumefundisha mada hiyo miaka, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza mtoto kama jibu lake linaingia akilini.

Kosa la namna hiyo ndilo mnalotafuta: linajirudia, lina mantiki yake, na linaweza kushughulikiwa ndani ya kipindi kimoja.

Tahadhari: msichukue madaftari ya darasa la mwalimu ambaye hayupo kwenye kikundi. Ataona mnamchimba.

Utajua imefanikiwa mkiweza kuandika tatizo kwenye mstari mmoja wa kaunta buku, na mtu asiyekuwepo akausoma akaelewa.

Hatua ya 4: Andaeni somo moja, la wote

Si kila mtu aandike lake mkalinganishe. Andalio ni moja. Mkishaandika pamoja, somo likianguka hakuna wa kunyooshewa kidole. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya ushirikiano kwenye ubunifu: unampa mtu ujasiri wa kujaribu kitu ambacho peke yake asingethubutu.

Andalio la kawaida lina sehemu ya mwalimu atafanya nini na mwanafunzi atafanya nini. Ongezeni safu moja: *mtoto anaweza kujibu nini, na sisi tutamwambia nini*. Andikeni majibu mabaya mnayoyategemea, pamoja na lile la 2/5. Safu hiyo itawachukua muda kuliko nyingine zote, na ndiyo yenye faida.

Sisi tulitumia chapati, tuliyonunua kwa mama ntilie wa getini. Mpango ulikuwa hivi. Kwanza watoto waone nusu ya chapati, halafu waulizwe: nikiongeza kipande, nitakuwa na zaidi ya nusu au chini ya nusu? Darasa zima lijibu kabla ya kuandika namba yoyote. Baada ya hapo kila kikundi kipewe duara la karatasi, walikunje kupata vipande sita vilivyo sawasawa. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano kati ya sita. Kigawe kidogo cha shirika kinakuja mwisho, kama jina la kitu ambacho wameshakifanya kwa mikono.

Zana ziwe za bei ambayo mwalimu hatajuta zikichanika. Kwa darasa la watoto mia, chapati ni moja, ya mwalimu, na karatasi ndizo za watoto. Kabla ya kuchora chochote, angalieni pia vitabu kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Wakati mwingine mchoro mnaotaka kuuhangaikia upo tayari.

Hatua ya 5: Mmoja afundishe, wengine wawatazame watoto

Wajapani wana utaratibu wa siku nyingi wa walimu kuandaa somo pamoja kisha kulitazama likifundishwa. Nguzo yake moja ndiyo inayosahaulika kwetu: watazamaji wanamtazama mtoto, hawamtazami mwalimu.

Gaweni darasa. Kila mtazamaji achukue watoto watano au sita, akae pembeni ya dawati lao, aandike wanachofanya na wanachosema. "Saa nne na dakika kumi, mtoto wa dirishani amekunja karatasi akapata vipande vinane." Hakuna kumsaidia mtoto, hakuna kusahihisha, hakuna kutikisa kichwa. Simu zifungwe. Mkitaka picha, pigeni ya ubao na zana. Sura za watoto zisiende kwenye status ya mtu.

Swali mtakalouliza: madarasa ya watazamaji nani atayashika? Chagueni kipindi ambacho angalau wawili wako huru. Kwa anayebaki, mwalimu mwenzake amshikie darasa, naye amlipe kipindi siku nyingine, na deni hilo liandikwe kwenye kaunta buku. Kwa shule za zamu mbili, walimu wa mchana wakiwahi kufika kwa saa moja tu kabla ya zamu yao, tatizo limekwisha.

Tahadhari kubwa: walimu wengi wana kovu la kukaguliwa. Mtu mwenye kalamu nyuma ya darasa maana yake ni kosa linatafutwa. Hivyo semeni mapema, mbele ya mwalimu mkuu, kwamba kilichoonekana darasani hakiingii kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, hakiendi kwa Afisa Elimu Kata, na hakitajwi kwenye kikao cha walimu.

Nayasema haya kwa sababu niliharibu mwenyewe. Mara ya kwanza tulipofanya, nilisimama kwenye kikao nikasifia somo la mwenzetu, kisha nikaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba "tatizo lilikuwa kwenye muda tu". Watu wakacheka. Mwenzangu hakunisemesha hadi likizo, na hakufundisha tena mbele ya watu mwaka ule. Hata sifa, omba ruhusa kwanza.

Utajua imefanikiwa kama karatasi za watazamaji zimejaa majina au alama za watoto, na jina la mwalimu halimo.

Hatua ya 6: Kaeni siku hiyo hiyo, dakika ishirini

Kesho yake mtakuwa mmesahau. Aliyefundisha aanze kusema, maana akianza yeye hajitetei. Wengine wafuate, na kila sentensi ianze na "nilimwona mtoto..." Anayeanza na "mwalimu ungefanya..." akatizwe kwa utani, lakini akatizwe.

Kwenye somo la chapati tuliona watoto wanakunja karatasi vizuri, lakini wakifika kwenye daftari wanarudi kwenye 2/5 kama hawajawahi kuona chapati. Mkono ulielewa, kalamu haikuelewa. Tukaamua badiliko moja tu: kabla ya kujumlisha, mtoto achore duara kwenye daftari na kulitia rangi. Mwalimu mwingine akafundisha hivyo mkondo B wiki iliyofuata. Ikawa afadhali. Haikuwa muujiza, baadhi waliendelea na yao, lakini sasa waliokosea walikuwa wanashtuka na kufuta.

Badilisheni kitu kimoja kila mara. Mkibadilisha vitano hamtajua kilichosaidia ni kipi.

Hatua ya 7: Motisha

Tuzungumze ukweli. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara, au aliyehamishwa bila kulipwa fedha ya uhamisho, hatapona kwa kupigiwa makofi. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alitenganisha mambo ya aina mbili kazini: yale yakikosekana yanamkatisha mtu tamaa, kama mshahara na mazingira ya kazi, na yale yanayomsukuma kufanya zaidi, kama kutambuliwa na kazi yenyewe kuwa na maana. La kwanza halifidiwi na la pili. Kwa hiyo kikundi kisitumike kuwaambia watu wasahau madai yao. Madai yana njia zake, kwa mwajiri na kwa chama. Ukiona mwenzako amelemewa na jambo hilo, msindikize kufuatilia, usimhubirie.

Posho sasa. Mkilipana siku ya kwanza, siku isiyo na posho hamtaonana. Nimeona kikundi kilichopata mfadhili wa nauli kwa muhula mmoja. Mfadhili alipoondoka, kiliondoka naye. Kama kuna hela kidogo, inunue chai na manila.

Vinavyofanya kazi shuleni, kwa nilivyoona, ni hivi. Muda ni wa kwanza, kwa mbali. Mwondolee anayefundisha somo la majaribio zamu ya wiki hiyo, na utaona uso wake. Pili, jina: zana ikitengenezwa, iandikwe nyuma "Walimu wa kikundi cha hesabu" na mwaka, ili anayeikuta kabatini ajue haikuletwa na upepo. Tatu, barua ya pongezi ya mwalimu mkuu yenye sahihi na mhuri, nakala kwenye faili la kila mwanakikundi. Karatasi moja tu, lakini kuna walimu wanaoitunza pamoja na vyeti vyao. Nne, uhuru: kikundi kichague tatizo lake. Siku ofisi ikianza kuwapangia mada, imekuwa kazi ya ofisi.

Tahadhari: msiweke zawadi ya mwalimu mbunifu bora. Mkishindanishwa, kila mtu ataficha mbinu yake nzuri mpaka siku ya mashindano. Kama wilaya inatoa tuzo, ombeni ije kwa kikundi. Na kiongozi wa kikundi asiwe ndiye anayesimama kila mgeni akija. Walimu hawasahau nani alijitwalia sifa.

Hatua ya 8: Toeni nje ya ukuta

Mkishafundisha somo hilo mara tatu na kulirekebisha, alikeni walimu wawili wa shule jirani waje watazame, au mlipeleke kwenye kituo cha walimu cha kata. Andalio, zana, na orodha ya makosa ya watoto vinatosha. Msipeleke hotuba.

Mambo yanayokwamisha katikati ya mwaka

Masika yakikolea, kuna siku nusu ya walimu wamekwama barabarani. Hesabu wiki hizo kama hazipo na usilazimishe. Kuanzia Agosti walimu wa darasa la saba akili yote iko kwenye mtihani wa Septemba, kisha inafuata upimaji wa darasa la nne. Anzeni mzunguko wenu Januari mwishoni au Julai, mara tu shule zikifunguliwa, na mlenge kumaliza ndani ya wiki sita. Mzunguko mmoja uliokamilika kwa muhula unatosha. Wanaopanga mitano hawamalizi hata mmoja.

Mtu akikosa mara mbili, usimwandikie kwenye kundi la WhatsApp. Mpitie darasani, muulize habari za nyumbani. Mara nyingi kuna mgonjwa.

Na uhamisho upo, utawakuta tu. Siku barua ikifika, kaunta buku ikabidhiwe kabla ya keki ya kuagana kukatwa. Yetu ya kwanza ilihamia Mkuranga na mwalimu aliyekuwa akiitunza, ikiwa na makosa yote ya watoto wa mwaka mzima. Tuliipata baada ya miezi miwili, imefungwa kwenye gazeti, kwa mkono wa konda wa basi, nasi tukalipia mzigo.